Maboksi Juu ya Kabati

Mtaa mzima ulimwita Stoo, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtunza stoo wa duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na kazi ile ilikuwa imemwingia hadi kwenye damu. Hakununua hata soksi bila kuulizia duka la pili na la tatu. Harusi yao ilifanyika Jumanne, wageni wakiwa wamechoka na kazi za kutwa, kwa sababu Jumanne ukumbi ulikuwa na punguzo. Mkewe alizoea kuisimulia habari hiyo kwa kicheko, ila siku hizi kicheko chenyewe kilikuwa kimeanza kupungua.

Tusimwonee, alikuwa hodari kwelikweli. Tajiri wake hakuagiza bati wala rangi kabla ya kumuuliza. Stoo alikuwa akikuna kidevu, anasema, "Bosi, tungoje kidogo," na mara nyingi bei ilishuka kama alivyosema. Na kitu kimoja alikiheshimu kuliko vyote: boksi ambalo halijafunguliwa. Kopo la rangi likishatobolewa ni lako hilo, hakuna duka litakalolipokea tena. Sheria hiyo ilimfaa sana kazini. Kosa lake ni kwamba alirudi nayo nyumbani.

Nyumbani aliishi pia mdogo wake wa kike. Mama yao alifariki binti akiwa bado anasoma shule ya msingi, na Stoo, kijana asiye na mke wala sufuria ya maana, akamlea. Alijifunza kumsuka nywele, akamsuka vibaya, na mtoto akaenda nazo shuleni hivyo hivyo bila kulalamika. Sasa binti alikuwa mtu mzima, kashia wa duka la dawa, na kila akitoka kazini alipitia kwenye banda la gemu mtaa wa nyuma. Huko walimwita Radi. Vijana waliokuwa wakimcheka mwanzoni, wakisema huyu dada amepotea njia, baadaye walikuwa wakigombania kuwa upande wake.

Siku moja alicheza shindano la mtandaoni, na timu moja ya jiji la mbali ikamwona. Timu yenyewe si ya mchezo, ina wadhamini na ina nyumba ya wachezaji. Kapteni wao, dada mwenye sauti ya ukali, akampigia simu. Kuna nafasi moja, alisema. Mchujo utafanyika baada ya miezi minne. Radi atafanya mazoezi nao kila jioni kwa kompyuta yake mwenyewe, tena isiyogandaganda kama zile za bandani. Akipita, atahamia kwenye nyumba ya timu na kulipwa mshahara.

"Mshahara wa kucheza?" Stoo aliuliza.

"Wa kucheza, kaka."

"Na huko utakaa na nani?"

"Na timu."

Stoo akachokonoa meno ambayo hayakuwa na kitu.

Radi alikuwa na akiba yake, si haba lakini si ya kujivunia. Kompyuta ya gemu iliyokwisha kuundwa ilikuwa ghali mno, kwa hiyo ilibidi wanunue vipande wajiundie wenyewe. Na nani wa kumkabidhi pesa kama si kaka yake, mtu ambaye wauza duka wakimwona anakuja wanajifanya wana mgonjwa nyumbani? Akampa zote.

Lazima isemwe kwamba Stoo alilivalia njuga jambo hilo. Saa ya chakula alikaa nyuma ya mifuko ya saruji akitazama video za watu wanaounda kompyuta, wali wake ukipoa. Ndani ya wiki mbili alikuwa anaongea kama fundi. "Watu wanakosea," alimwambia mkewe, ambaye hakuwa ameuliza. "Wananunua prosesa ya kifahari, halafu kadi ya picha dhaifu. Ni kama kuajiri mpishi mzuri ukamnyima jiko. Kwenye gemu, kadi ya picha ndiyo inayofanya kazi. Nusu ya pesa iende huko." Na alikuwa sahihi kabisa.

Akaanza kununua. Mazabodi, ule ubao ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake, aliipata kwanza, duka moja lilipokuwa linamaliza mzigo. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Baadaye ikafuata ramu, kumbukumbu ya kompyuta, kisha pawasaplai ya kugawa umeme, na kesi ya kuvibeba vyote. Maboksi yakapangwa juu ya kabati la chumbani, gundi ya kiwandani ikiwa haijaguswa, na mkewe akakatazwa hata kuyafuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

"Kaka, tuijaribu mazabodi," Radi alisema. "Yule rafiki yangu wa bandani ana prosesa inayoingiliana nayo. Atatuazima jioni moja tu, tuone kama inawaka."

"Tufungue boksi?"

"Sasa tutaijaribuje bila kufungua?"

"Haijaribiwi. Mpya ni mpya. Tukifungua halafu kesho nikapata nyingine ya bei nafuu zaidi, hii nitairudisha kwa uso gani?"

"Ina waranti ya miezi mitatu tu, kaka."

"Miezi mitatu ni mingi. Acha papara."

Radi aliacha. Alikuwa amezoea kuacha, maana mtu aliyekulea huwezi kubishana naye kama unavyobishana na mpita njia.

Prosesa ilipatikana mwezi uliofuata. Ikabaki kadi ya picha, na hapo ndipo shughuli ilipolala. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wao. Lakini Stoo alikuwa amesikia kwamba kadi za toleo jipya zinakaribia kutoka, na zikitoka, hizi za zamani zitatupwa kwa bei ya bure. Kila jioni alitazama bei kwenye simu, akatikisa kichwa. Kila jioni Radi alifanya mazoezi na timu kwa kompyuta ya bandani, inaganda katikati ya mapambano, na Kapteni anasema masikioni mwake, "Umepotelea wapi tena?" Alirudi nyumbani macho mekundu, akisema ni moshi wa mama muuza mihogo. Mama muuza mihogo alikuwa anauza mchana tu.

"Mnunulie hiyo kadi," mkewe alimwambia Stoo, wakiwa jikoni wawili.

"Bei itashuka."

"Mambo ya bei unayajua wewe. Lakini mimi nakujua wewe. Huyu mtoto akipita, anahama. Unangoja ili hilo lisitokee."

"Usinisingizie!" Stoo alifoka, akatoka nje, akasimama kwenye baraza akiangalia ukuta wa jirani. Alikasirika kwa sababu maneno yale yalimchoma, na yalimchoma kwa sababu alikuwa ameshajiambia mwenyewe, kisha akajinyamazisha. Hakuwa mtu mbaya. Alimwonea uchungu mdogo wake, tena uchungu wa kweli. Lakini nyumba ile bila Radi kuingia jioni akitupa viatu mlangoni hakuweza kuifikiria, na kungoja bei ilikuwa njia nzuri ya kutofikiria.

Kadi mpya zikatoka. Zilikuja chache, za bei ya kutisha, zikakauka madukani kwa siku moja. Wenye pesa walipozikosa wakageukia zile za zamani, nazo zikapanda. Stoo alitazama simu yake asiamini. Wiki baada ya wiki bei ilikwenda juu, naye akiwa amekodoa macho, hadi mkewe akaacha kabisa kuongea habari hiyo. Mwishowe, mchujo ukiwa umebaki siku za kuhesabu, alichukua sehemu ya mshahara wake mapema kwa tajiri, akajazia, akanunua kadi ile ile ambayo angeinunua tangu mwanzo. Hakupiga mluzi siku hiyo.

Jumamosi mchana maboksi yakateremshwa. Radi aliyafungua kwa kisu cha jikoni, taratibu, akitabasamu hadi magego yakaonekana. Stoo alimshikia tochi, mkewe akaketi kitandani na bakuli la skrubu. Walicheka siku hiyo, kusema kweli. Radi alipomaliza kufunga nyaya, alisema, "Kaka, washa wewe."

Stoo akabonyeza. Hakikusikika kitu. Akabonyeza tena, na mara ya tatu kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa mdeni. Walikagua nyaya zote. Walitoa ramu, wakairudisha. Jua lilipoanza kushuka waliibeba kesi nzima hadi kwa fundi kompyuta, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Fundi alipima kipande kimoja kimoja kwa vifaa vyake. "Vyote vizima," alisema, "isipokuwa hii mazabodi. Imetoka kiwandani ikiwa mbovu. Mmeinunua lini?"

Stoo alimwambia.

"Basi waranti imekwisha. Ah, mngeijaribu tu siku ile ile! Wangewapa nyingine hapo hapo."

Radi hakumtazama kaka yake. Stoo angefurahi kama angemtazama, hata kwa jicho baya.

Jumatatu asubuhi Stoo alikwenda duka lile, akasihi kwenye kaunta mpaka msichana wa mauzo akaona aibu kwa niaba yake. Haikusaidia. Mazabodi ya kufanana nayo haikuwepo mjini, ikaagizwa, nayo ingechukua wiki mbili kufika. Mchujo ulipofika, Radi alicheza kwa kompyuta ya bandani. Iliganda mara mbili, na mara ya pili wenzake wote walikufa wakimngoja. Kapteni alimpigia simu mwenyewe, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nafasi ilikwenda kwa kijana mwingine.

Mazabodi ikaja. Stoo aliifunga mwenyewe, akafuata video hatua kwa hatua. Kompyuta iliwaka mara moja, feni zikazunguka kimya, mwanga wa buluu ukajaa chumbani. Aliita kwa sauti kubwa, na Radi akaja, akakaa, akavaa hedifoni. Stoo alisimama nyuma ya kiti chake. Hakuelewa gemu yenyewe, lakini aliona vidole vya mdogo wake, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini walimwita Radi. Alitaka kusema samahani.

Raundi ikaisha. Radi alivua hedifoni, akaziweka mezani.

"Ni tamu, kaka. Haigandi hata kidogo."

"Umeona eh?"

"Nimeona. Sasa iuze."

"Niuze nini?"

"Hii. Kadi za picha ziko juu, si ndivyo? Iuze kabla hazijashuka. Nitapata nauli na kodi ya kuanzia. Kule jijini kuna banda la gemu linatafuta mtu wa kaunta, Kapteni ameniunganishia. Mwakani kuna mchujo mwingine."

"Kwani lazima iwe sasa? Hapa una kazi, una chumba..." Stoo alianza, akasikia sauti yake mwenyewe, akaacha.

Radi aligeuza kiti wakatazamana. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Stoo kuliko hasira. "Ningepita ule mchujo, kaka, ningeondoka hapa nakulilia begani," alisema. "Sasa naondoka tu." Kisha, kwa upole, kama anayemwomba amfikishie mzigo stendi, akaongeza, "Utaniuzia vizuri? Hakuna anayejua kuuza kama wewe."

Stoo alitikisa kichwa kukubali. Akatoa simu, akafungua ukurasa wa bei, akausoma juu mpaka chini. Mdogo wake alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Wiki nzuri ya kuuza kuliko hii isingepatikana.