Simba Mwenye Masikio ya Mkaguzi

Hakuna kitu chini ya jua ambacho Mkaguzi hakukitia kasoro. Jina lake la kuzaliwa hata wapwa zake walikuwa wamelisahau. Alikula ujana wake akikagua mizani za sokoni, na alipostaafu akaendelea kukagua watu. Harusini alikagua viti, hospitalini alikagua wagonjwa. Hata siku alipozikwa dada yake, Mungu amrehemu, watu wakiwa katikati ya dua, yeye alinong'ona kwamba kaburi limepinda upande mmoja.

Dada mtu alikuwa mwalimu wa chekechea. Shule ilipoletewa vitabu vipya, alivichukua vile vikuukuu vya picha akavipeleka nyumbani, akaviunga kwa gundi ya unga na vipande vya karatasi. Alikuwa akivisoma peke yake jioni, akicheka mpaka majirani wanasikia.

"Mwanamke mwenye mvi na vitabu vya watoto!" kaka yake alizoea kusema. "Akili imerudi kunyonya."

Sasa mwenye nyumba alikitaka chumba alichokuwa amepanga dada huyo. Binti wa marehemu aliomba vitabu vibaki, lakini mwenye kauli ya mwisho katika ukoo alikuwa Mkaguzi, naye alikwisha kumwita mnunuzi wa karatasi kuukuu. Mkokoteni ulikuwa tayari mlangoni.

"Mjomba, vitazame kwanza basi," mpwa alisema.

"Nitazame nini? Takataka haina sura." Lakini kitu kutoka mikononi mwake bila kukaguliwa lilikuwa jambo lisilowezekana. Alivaa miwani, akaokota cha juu kama mtu anayeokota panya kwa mkia.

"Huyu mbuzi anakwenda wapi?"

"Anasafiri kwa treni, Mjomba."

"Tiketi yake iko wapi?"

"Si hiyo, ameishika mdomoni."

"Basi hafiki. Ataila kabla ya kituo cha pili." Akafunua ukurasa. Mbuzi alikuwa ameila. "Si nimesema! Mbuzi mpumbavu huyu!"

Alikaa kitandani, akavuta kitabu kingine. Humo kuku fundi cherehani alimshonea twiga suruali bila kumpima. "Kazi ya hovyo," alisema Mkaguzi, na kukifungua kingine. Kiboko aliyepaka rangi kucha akaitwa malaya wa mtoni. Bata akaitwa mjinga mwenye mabawa. Kadiri alivyotukana ndivyo alivyozidi kufunua, na kile cha mbuzi alikificha chini ya paja.

Mnunuzi wa karatasi alichungulia. "Mzee, nipakie?"

"Subiri! Huoni watu wako kazini?"

Kisha akafika kwa simba. Mtoto fulani wa zamani alikuwa amekinyofoa kichwa cha simba huyo, na marehemu alibandika karatasi mahali pake, akachora kichwa kipya kwa kalamu. Kilikuwa na masikio kama vishikio vya sufuria. Nyusi zimekunjwa, mdomo umebetuliwa. Chini, kwa mwandiko wa mwalimu: *Hakuna nyama iliyompendeza.*

Mpwa alijiuma midomo.

"Unacheka nini?"

"Sijacheka, Mjomba. Ila simba huyu ninamjua."

Mkaguzi aliusogeza ukurasa dirishani. Akajishika sikio moja, polepole, kama anayelipima. "Amezidisha," alisema. "Mama yako hakujua kuchora hata kidogo. Tangu utoto. Mimi nilimwambia." Kicheko kikamtoka puani, kikafuatiwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kicheko, ikambidi avue miwani na kuifuta kwa shati. Mpwa aligeukia ukuta ili asimwaibishe.

Mkaguzi alivaa tena miwani, akatoka mlangoni. "Wewe! Ondoa mkokoteni wako. Hivi bado havijakaguliwa."

"Lakini mzee, uliniita mwenyewe!"

"Nilikuita uje unifundishe kazi? Hebu nenda huko!"

Akarudi ndani, akaanza kuvipanga vitabu kwenye sanduku, akilalamika kwamba sanduku lenyewe bovu, nalo atalibeba nani kama si yeye. Cha simba alikiweka juu kabisa.

"Vyote vya hovyo," alisema akiinama kulinyanyua. "Haya, shika upande huo. Na usikipinde hicho cha mbuzi. Bado sijajua kama alifika."