Nahodha Aliyebaki Kwenye Sayari ya Baridi

Fyuuu, halafu tii. Ndivyo mlango wa chombo cha anga ulivyofunguka kwenye televisheni enzi hizo picha zikiwa bado nyeusi na nyeupe, na watoto wa mtaa mzima hawakuingia chumbani bila kuutoa mlio huo kwa midomo yao. Mzee aliusikia tena alasiri ya Jumamosi, ameketi kwenye kochi, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda. Badala ya kufurahi, alihisi masikio yanapata moto.

Kituo cha televisheni kilikuwa kimezifufua kanda za kale. Kila Jumamosi wangeonyesha sehemu moja, safari hii kwa sauti za waigizaji wenyewe wa ng'ambo, na Kiswahili kimeandikwa chini ya picha na vijana waliosomea lugha yao. Majirani walimpongeza mzee kana kwamba yeye ndiye aliyekitengeneza chombo.

Mtaani wanamwita Nahodha, ingawa hajawahi kuendesha hata baiskeli. Jina hilo alilipata kituoni. Kipindi kilitoka ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kusoma Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Wote walikuwa yeye: nahodha, mama anayemlilia mwanawe, askari, mgonjwa. Mtambo wenye akili aliusemea ndani ya kikombe cha bati, sauti ikatoka nzito na yenye mwangwi, na watoto majumbani wakajificha nyuma ya viti. Maneno aliandikiwa na mfasiri, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliyemwekea alama ya wino mwekundu kila mahali pa kuvuta pumzi. Yeye mwenyewe hakuijua lugha ile hata salamu. Lakini siku ya kuomba kazi aliulizwa kama anaijua, akasema anaijua, na tangu hapo kila alipoisikia alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Wiki moja mfasiri akalazwa hospitali. Mkuu wa vipindi akamuuliza kama ataweza kutafsiri mwenyewe, papo kwa papo. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema ukweli. Akajibu kwamba hakuna wasiwasi.

Sehemu ya wiki hiyo ilikuwa ya sayari ya baridi. Chombo kimetua kwenye theluji, na nje yupo kiumbe asiye na uso, mwili wote magunia na nyaya, amelala ubavu. Watu wa chombo wanabishana. Msomaji alibahatisha kwa kutazama nyuso: huyu amekasirika, huyu anaogopa, huyu anaomba. Akafika mwisho. Wenzake wanapanda, mlango unajifunga, nahodha anabaki ameketi kando ya kiumbe, midomo yake inacheza, na msomaji hana la kumtilia mdomoni. Kwa nini mtu abaki mahali kama pale? Sekunde zilikuwa zinakwenda. Akasema, kwa sauti iliyomtoka tofauti na siku zote, "Msimuulize anatoka wapi. Muulizeni anaumwa wapi. Mimi nabaki naye."

Watu walilia. Wiki nzima alisimamishwa sokoni, akaombwa ayarudie, akayarudia. Mfasiri alipopata nafuu alivua miwani, akamwambia kwa upole, "Kaka, yule alikuwa ameadhibiwa. Ndiye aliyemchoma moto yule kiumbe. Wenzake walimtelekeza." Kisha akampa karatasi za wiki iliyofuata, zenye alama zake nyekundu, na jambo hilo hakulitaja tena mpaka alipostaafu. Kanda zikafungiwa stoo. Mzee aliamini zimeoza.

Alimwambia mkewe peke yake. Mkewe ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kama mkasi wake. Alicheka mpaka akajichoma sindano, na kuanzia hapo akimtuma dukani humwita nahodha wa kutunga.

Mambo yangeishia hapo kama si kidonda. Mguu ulipogoma kupona, zahanati ilimtuma nesi awe anakuja nyumbani kumfunga bandeji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mtaratibu, anayevua viatu mlangoni hata akiambiwa aingie navyo. Siku ya kwanza tu aliitambua sauti. Akaacha kukata bandeji, akamwambia kwamba alikuwa mtoto wa kulelewa nyumba hii mwezi huu na ile mwezi ujao, na kila alikofika aliulizwa ametoka wapi na ataondoka lini. Jioni ya sayari ya baridi, nyumbani kwa mjomba, akamsikia nahodha. Ndipo alipojua atafanya kazi gani. Sasa anasimamia wodi ya wagonjwa ambao ndugu zao wamewachoka, wenzake wakihama yeye akibaki, na maneno yale huwafundisha wanafunzi wa uuguzi wanapoletwa kwake.

Mzee angeweza kumwambia siku hiyo. Badala yake alikohoa kidogo, akakaza shingo, akamsomea tena maneno yale kwa sauti ya nahodha. Nesi akafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na dawa. Mkewe, pale kwenye cherehani, alikanyaga pedali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wiki za mwanzo za marudio zilikwenda salama, kwa kuwa zilikuwa za mfasiri, na maandishi yalikubaliana na kumbukumbu. Nesi alipanga zamu zake ili aje kumfunga mguu saa ile ile, watazame pamoja. Kutazama upya kulimwonyesha mzee jambo ambalo ujanani hakuliona: hadithi zilikuwa chache, zikibadilishwa nguo tu. Mtambo unaotamani moyo. Msafiri anayerudi nyumbani akamkuta mwanawe amezeeka kuliko yeye. Mgeni wa kutisha ambaye, ukimsikiliza, amepotea tu. Mkewe alitazama ile ya mtambo, akaipiga kofi cherehani yake. "Wangu mie hautaki moyo," akasema. "Unataka mafuta."

Ila ile ya pacha ndiyo iliyomkaa mzee kooni. Mtu anakutana na pacha wake kutoka dunia nyingine, sura moja, sauti moja, na pacha ndiye aliye mwema. Kichwani mwake nesi alikuwa na mzee mmoja, aliyeyasema yale kwa kuyaamini. Halafu kulikuwa na huyu wa kwenye kochi.

Mwishoni mwa sehemu hiyo walitangaza ya wiki inayofuata: sayari ya baridi. Nesi akapiga makofi kama mtoto.

Wiki nzima mkewe alimwambia jambo moja tu, asubuhi na jioni, kwamba amwambie kabla televisheni haijamwambia. Mzee aliahidi. Jumamosi ikafika hajasema. Aliposikia hatua za nesi uani, alijikokota hadi kwenye king'amuzi, akachomoa waya, na kwa kuwa mguu haukumruhusu kufika mbali, akausokomeza kwenye kitu cha karibu, akarudi kochini akitweta.

Nesi aliingia, akasikitika kuona kioo cheusi. Mzee akaeleza kwamba mitambo ya siku hizi ni mibovu. Nesi akasema basi tufunge mguu kwanza, tutaita fundi. Akavuta kikapu cha bandeji kilichokaa kando ya kochi, akafungua, akatoa pamba, akatoa mkasi, akatoa waya.

Aliutazama. Akamtazama mzee. Mkewe aliinamia mshono akajifanya anatafuta uzi.

"Mzee hakutaka tuone?" nesi aliuliza.

"Umeanguka humo," akajibu, na aibu ya jibu lile ilikuwa kubwa kuliko aibu ya mwanzo.

Nesi akaupachika waya mahali pake. Fyuuu, halafu tii. Wakatazama. Theluji ilikuwa chumvi, sasa ilionekana wazi, na kiumbe alikuwa na kiraka begani. Maandishi yalipita chini, meupe, hayana haraka: nani aliwasha moto, nani alisema uongo, hukumu ni nini. Nahodha akaketi kando ya kiumbe. Midomo ikacheza. Chini yake pakaandikwa: Msiniache hapa na hiki kitu.

Majina ya waigizaji yakapanda. Kisha nesi akapiga magoti sakafuni, akaanza kufunga mguu, na bandeji aliikaza zaidi kidogo kuliko siku zote.

"Kwa hiyo alifukuzwa," alisema.

"Ndiyo."

"Nawe ulijua?"

Mzee alimwambia yote, lugha asiyoijua, mfasiri aliyelazwa, midomo iliyocheza bila maneno. Alimwambia kwamba alijua wiki ile ile, na kwamba siku aliyomsomea kwa sauti ya nahodha alikuwa akijua. Hakumtazama usoni. Alitazama mikono ya nesi, iliyoendelea na kazi.

"Ulikuwa unabahatisha," nesi akasema.

"Nilikuwa nabahatisha."

"Mimi nimekataa uhamisho kwa maneno hayo. Nimewafundisha watoto wa watu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Mkewe, ambaye angekuwa na la kusema kwa kila kitu, aliinuka akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nesi akafunga kikapu, akaaga kwa adabu ile ile, akaenda kuketi kizingitini avae viatu. Kimoja kilikubali. Cha pili alikishika mkononi, akajaribu, akaacha, akajaribu tena. Mzee alinyoosha shingo ili ajue kinachomchelewesha, na kwa mara ya kwanza akaiona miguu ya nesi. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo vimepotea, na ukingo wa kiatu ulikuwa umeacha alama nyekundu juu ya unyayo, mpya juu ya kuukuu. Miguu hiyo ilikuwa imeingia nyumbani mwake wiki baada ya wiki, peku, mbele ya macho yake, ikapiga magoti kwa ajili ya mguu wake mmoja.

Ndipo aibu ikabadilika ndani yake. Ya uongo aliizoea, aliishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Hii ilikuwa nyingine. Maneno yale alikuwa ameyatia mdomoni mwa nahodha, ameyarudia sokoni, ameyasomea kwenye harusi alipoombwa. Hakuwahi kumuuliza mtu yeyote. Hata huyu. Hata yule aliyeko jikoni anayekohoa na moshi.

Alishusha mguu kutoka kwenye kigoda, akainuka, akajishika ukutani, hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Nesi alimsikia, lakini hakugeuka. Mzee akajishusha kwa taabu akaketi naye kizingitini, kiatu kikiwa kati yao. Sauti ya nahodha haikuja, na hakuiita. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwake, nyembamba na yenye makohozi, na hata hiyo ilitoka kidogo sana.

"Mwanangu," akanong'ona, "unaumwa wapi?"