Sauti Iliyotoka Kabatini

Mama yangu ni mtangazaji wa habari kwenye runinga. Ukimwona kwenye kioo utadhani kazaliwa na koti lile la studio. Kumbe sauti za habari zake nyingi anarekodia ndani ya kabati la nguo, chumbani kwetu Boko, maana nyuma ya nyumba kuna wafyatua tofali na mashine yao hainyamazi. Anajifungia na magauni, anasomea kwenye simu, anatuma ofisini.

Mwaka huu sauti ikamkauka. Daktari akamwambia asiongee miezi miwili. Mtangazaji asiongee! Mwambie basi na mwalimu wetu wa nidhamu aache fimbo. Na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Kukaa mbele ya kamera akawa anakukwepa kwa visingizio. Siku ya tatu akaniita kabatini, akaninong'oneza, "Wewe si unaniigaga darasani? Haya, niige."

Nikamwiga. Kwenye simu hata bibi hawezi kututofautisha. Wiki sita watu walinisikiliza mie, nina sare ya shule na harufu ya dawa ya mende puani, Mama akinibinya bega kila nikikimbiza maneno.

Ila mdomo wangu unawasha. Kila habari niliirekodi mara mbili: ya kweli, halafu ya kwangu, ya kumchekesha, maana alikuwa hacheki tena. Jumamosi ile ilikuwa habari ya mheshimiwa mmoja kuzindua kisima. Nikasoma ya kweli. Kisha nikasoma yangu: "Mheshimiwa amezindua tena kisima kilekile cha mwaka jana. Tofauti ni kwamba leo maji yapo, ameyaleta kwenye ndoo."

Mama alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Kwa macho yale yale yenye machozi, akabonyeza kutuma. Alituma ya pili. Ofisini walikuwa na haraka, wakaibandika kwenye picha bila kuisikiliza.

Ikaruka saa saba mchana. Nilikuwa dukani. Mangi, mwenye duka, akapiga makofi: "Mama yako leo kawachana! Mpe salamu!" Mie nikaacha chenji, nikakimbia nyumbani.

Jumatatu akaitwa ofisini. "Mama, twende wote," nikamwambia. "Nitasema ni mie."

Akanong'ona, "Ukisema ile ni yako, wataniuliza zile nyingine zilikuwa za nani."

Nikamfungulia mlango, akatoka peke yake.

Alirudi mchana na koti la studio mkononi, kazi imeishia hapo. Aliwaambia sauti ni yake. Walipomuuliza kwa nini, alinong'ona, wakadhani analia.

Juzi nimetoka shule, nikakuta kabati limefungwa kwa ndani. Alikuwa anasoma gazeti la zamani kwa sauti. Imerudi, nzito, imeiacha yangu mbali. Nikakaa sakafuni na begi mgongoni, nikamsikiliza mpaka mwisho. Akamaliza kama zamani: akataja jina lake, akataja kituo. Ila hakutoka.