Rulema ya Kamyo ya Kirungu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa ovaroli, Papa Lambert alisugua kiganja cha kushoto kwa jiwe laini la ziwani. Mukono wa kuume ulikuwa wa kazi, mugumu kama kisigino. Wa kushoto hakuuachia sugu hata moja. Huo ulikuwa wa kusikilizia. Pale garaji ya Albertville wenzake walimucheka: "Anatunza mukono kama bibi harusi!" Lakini gari ikilia na sababu isionekane, walimwita yeye.

Mwaka huo wa 1957 muke wake, Virginie, alikuwa kwao Kirungu, kule juu Marungu. Alienda kuzaa, na mutoto alikuwa ametimiza miezi saba bila baba yake kumuona. Lambert alijua yaliyoandikwa kwenye barua tu: anaitwa Henriette, na anacheka hata usingizini. Bwana wa garaji alimunyima konji, ruhusa ya kwenda kumuona, mara mbili. Mwishowe alikubali aisindikize kamyo ya mwisho, lori la kwenda Kirungu, kabla mvua haijafunga barabara ya mulima.

Siku ya safari Assumani, dereva, akaileta garaji na mizigo yote. Abiria walikaa kivulini wakingoja.

"Inatetemeka kidogo wakati wa kuondoka," Assumani akasema. "Ni musalaba wa kardani. Nimeutia grisi."

"Na ukishika mwendo?"

"Inanguruma. Lakini unazoea, Papa, kama muke mwenye maneno."

Wakainua magurudumu ya nyuma kwa jeki. Lambert akaingia chini. Akautikisa musalaba, kiungo cha kardani, haukugonga. Akasogea katikati, pale kardani, fimbo ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, inaposhikwa na rulema, beringi yake, ndani ya mupira. Akaweka kiganja cha kushoto, na kwa mukono wa kuume akaizungusha kardani polepole.

Muchanga. Kama muchanga ndani ya wali. Akazungusha tena, akitamani kiganja kimudanganye mara hii moja tu. Akaingiza chuma, akainua: kardani ikapanda upana wa kidole. Mupira ulikuwa umepasuka.

Assumani akainama, akashusha sauti. "Sema ni nzima, Papa Lambert. Kesho kutwa unabeba mutoto wako."

Lambert akageuza kichwa. Kutoka pale chini aliona miguu tu ya abiria, na kati yao nyayo za mutoto aliyelazwa kwenye mukeka, laini, hazijakanyaga udongo bado.

"Rulema imekufa," akasema. "Ikiachia kwenye mupando wa mulima, inaua watu. Agizeni ingine Elisabethville."

"Wiki tatu hizo! Mvua itakuwa imeshafunga njia!"

"Njo vile, basi ifunge."

Akatoka, akanawa kwa petroli, akavua ovaroli, akaikunja juu ya tairi. Bwana akamwita kutoka biro, ofisini kwake: kuna gari ingine inamungoja. "Ndiyo, Bwana," akaitika kwa adabu kama kila siku. Akapita kati ya abiria waliokuwa wakilalamika, akatoka mulangoni.

Kirungu kwa miguu ni siku sita, ukiwa muzima. Assumani alifikiri ameenda kununua sigara. Alimungoja mpaka jua likazama, kumbe Lambert alikuwa ameshashika njia ya kusini, ya Kirungu, hakugeuka.