Siku Mama Halako Aliponinyima Maziwa

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana nataka uinuse harufu hii pamoja nami. Ni harufu ya maziwa yaliyokaa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Hata leo nikipita sokoni Garsen asubuhi, ikinifikia, ninakuwa tena na miaka minane. Nimesimama kwenye njia ya shambani kwetu Kulesa, mahindi mawili mabichi mkononi, na ndani ya leso ya mama yangu nimemfunga mnyama asiyetikisika.

Maji ya mto yalikuwa yameshuka, yakatuachia udongo mweusi na magugu mengi. Baba alikuwa ameyang'oa magugu yale na kuyarundika biwi lililomfikia kifuani. Lilikuwa limekauka vizuri, na alitaka kulichoma alasiri ile ile, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bahari. Mimi nilitumwa kuongeza majani ya mwisho. Nilipoinama, nikamwona: mtoto wa sungura, hatoshi hata kujaza viganja viwili, amejibana chini ya biwi, masikio ameyalaza mgongoni.

Nilipiga makofi. Hakukimbia. Nikamgusa. Hakukimbia.

Kaka yangu Jillo alikuja akamtazama kama fundi anayetazama redio iliyoungua. "Sungura gani hakimbii? Huyu amekwisha. Mtupe."

"Ni mgonjwa tu," nikasema. "Nitampa maziwa."

"Haya, daktari wa maiti!" akacheka, na jina hilo likanifuata hadi njiani.

Huko njiani nilijua ningemkuta Mama Halako. Alikuwa mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa karibu kila asubuhi, nasi tulimpa mahindi au ndizi. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na sikuwahi kumwona akikataa biashara. Kwa hiyo nilichukua mahindi mawili kwenye kikapu cha mama bila kuuliza, nikamkimbilia, nikafungua leso.

Alimtazama mnyama. Akanitazama mimi. Akakifunika kibuyu chake.

"Leo siuzi."

"Lakini mama, atakufa!"

"Ukimpa hii, ndiyo atakufa. Hii ni maziwa ya ng'ombe. Yeye ni ndama? Tumbo yake itaharibika." Alichuchumaa, akatandaza leso kwenye kivuli. "Kuja. Usilie. Angalia na macho."

Mpaka leo sijapata mwalimu mwingine wa namna ile. Hakuniambia jibu, alinifanya nilitafute. Macho yako wazi? Yako wazi, yanang'aa. Pua ina kamasi? Haina. Kuna kidonda, kuna nzi wanamfuata? Hakuna. Mwili ni wa moto au wa baridi? Niliweka kidole kifuani, nikasikia joto na moyo mdogo ukienda mbio.

"Sasa tumbo. Gusa polepole. Imejaa ama hapana?"

"Limejaa."

"Nani alimjaza? Wewe?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama yake amemjaza," akasema. "Kwetu, mama ya swala anaficha mtoto kwa nyasi, anaenda kula mbali. Mtoto hatikisiki, hata ukimkanyaga. Huyu si mgonjwa. Huyu anafanya kazi alipewa na mama yake. Jioni mama anarudi. Akikosa mtoto pale, basi." Akasimama, akajifunga shuka. "Rudisha. Haraka."

Hapo ndipo nikakumbuka biwi, nikaanza kulia upya. Nilipomweleza, Mama Halako alikamata mkono wangu, tukarudi pamoja hadi shambani.

Baba alipomwona alishika kiuno. Wiki ile ile ng'ombe wa Mama Halako walikuwa wameingia kwenye mahindi yetu. "Ng'ombe zako zimenilia shamba, mama, na leo umekuja kunifundisha kulima?"

"Ng'ombe zangu wamekosa, Baba Jillo, hiyo najua. Lakini huyu hajakula kitu yako."

"Bado! Akikua atazimaliza kunde."

"Akikua, umwambie yeye. Leo mwachie mpaka jioni."

Baba alitazama mawingu. Alitazama biwi alilolihangaikia siku nyingi. Mvua ikinyesha, magugu yale yangechipua tena na kazi ingeanza upya. Hilo nililijua hata mimi. Kisha akanitazama, kamasi zangu na leso ya mama yangu, akalitupa panga lake chini. "Mpaka jioni," akasema. "Na mbwa wetu mfungeni."

Nilisugua mikono kwa majani, kama Mama Halako alivyonielekeza, nikamweka mtoto chini ya kunde, hatua chache tu kutoka pale nilipomtoa, mbali na mahali moto ungefika. Nikanawa mikono mtoni. Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko mfungo. Kila nikitaka kwenda kuchungulia, mama yangu alinirudisha kwa kuniita tu jina.

Jua lilipokuwa likishuka tulipanda dungu, lile jukwaa la miti la kufukuzia ndege: mimi, Jillo, na Baba, ambaye alidai amekuja kuangalia mawingu. Tulikaa. Mbu walitula. Jillo akanong'ona, "Daktari wa maiti, mgonjwa wako..."

"Nyamaza," Baba akamwambia.

Sungura mkubwa alikuwa amesimama ukingoni mwa kunde, masikio juu. Aliruka mara mbili, akasimama. Akaruka tena. Na yule mnyama wangu, yule aliyekwisha, yule wa kutupwa, alichomoka chini ya majani kama aliyefyatuliwa, akajitumbukiza chini ya tumbo la mama yake. Kunyonya kwenyewe hakukuchukua muda wa kumenya muhogo mmoja. Kisha mama akaenda zake, na mtoto akarudi kujilaza kimya, tumbo limejaa.

Nilipiga kelele hadi ndege wakaruka. Jillo alinibeba mabegani kutoka dungu hadi nyumbani, akitangaza kwa kila jirani, "Mpisheni daktari!" Neno "maiti" lilikuwa limebaki shambani.

Mvua ilinyesha usiku ule na biwi halikuwaka. Baba alilalamika wiki nzima, lakini kila aliyepita alionyeshwa kwa mikono miwili jinsi mama sungura alivyosimama. Na Mama Halako alipokuja, alipewa mahindi bila kuulizwa maziwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba asubuhi ile mama yule alikataa mahindi aliyoyahitaji, akamkabili mtu aliyekuwa na kinyongo naye, kwa ajili ya mnyama asiyekuwa wa kwake. Nami nilikuwa nimedhani kusaidia ni lazima utoe kitu mkononi.

Basi ukimkuta mtoto wa sungura, mtazame kwanza kabla ya kumgusa. Akiwa na kidonda, nzi, au mwili wa baridi, mweke kwenye boksi lenye giza, usimpe chochote, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa mzima, funga mbwa wako, rudi nyuma, umwache hapo hapo mpaka mama yake arudi jioni.