Barabara Nilizomwonyesha Mama Mwenye Nyumba

Nilipohamishiwa Mpanda nilikuja na mabegi mawili na mchumba niliyemwacha Dodoma. Mabegi ninayo mpaka leo. Mchumba alidumu mpaka mvua za kwanza. Hatukugombana. Simu zilipungua tu, kwanza zikawa za jioni, halafu za Jumapili, halafu nikawa mimi ndiye ninayepiga, na siku moja nikaacha kupiga ili nione itakuwaje. Naye hakupiga.

Kazi yangu ni kupima ardhi. Wiki nzima naweza kuwa vijijini, Mishamo au Kasansa, nyuma ya bodaboda, nimekumbatia mfuko wa vifaa kama mtoto mgonjwa, naweka alama kwenye mashamba ya watu ambao wote wamenizunguka wakizungumza. Huko sikuwa mpweke. Upweke ulikuwa unaningoja mjini, kwenye vyumba viwili vya uani nilivyopanga, nikifungua mlango na kukuta kikombe pale pale nilipokiacha.

Chuoni nilikuwa napenda gemu. Wasichana wenzangu walinishangaa, lakini nilikuwa nakaa kwenye kompyuta za wavulana wa darasani mpaka wananifukuza. Basi nikaamua kujijengea kompyuta yangu. Laptopu ya ofisi ilikuwa inafungua ramani kwa kuhema, gemu ingeiua. Nilitaka mashine ya mezani, ninayoijua kila kitu chake kwa kuwa mimi ndiye niliyekiweka.

Kasha nililipata hapa hapa mjini, kwenye duka la intaneti lililokuwa linafungwa karibu na soko. Lilikuwa la kizamani, la chuma kizito, limejaa vumbi jekundu. Vitu vingine viliagizwa Kariakoo, vikawa vinakuja kwa basi kimoja kimoja: ubao mkuu, prosesa, ram, pawa saplai, feni. Kila kifurushi kilipofika nilikwenda kukichukua stendi nikiwa nimevaa vizuri kidogo, kama mtu anayepokea mgeni. Wapakiaji walizoea. "Dada, mzigo wako leo mdogo," mmoja aliniambia. "Umegombana naye?" Walidhani kuna mwanaume anayenitumia zawadi. Sikuwasahihisha.

Nilivikusanya Jumamosi moja, mlango ukiwa wazi ili nipate mwanga. Nilishika chuma kwanza kutoa umeme wa mwilini, nikaipaka prosesa dawa ya kupozea, nikafunga skrubu moja moja. Nilipobonyeza, feni zilizunguka kidogo, kikasikika kilio kirefu, zikasimama. Nikajaribu tena. Kilio. Nikavua kila kitu na kukirudisha. Kilio. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa uwanja nilipogundua kwamba ram, kile kijiti cha kumbukumbu, haikuwa imezama kwenye nafasi yake. Nilikuwa naogopa kuikandamiza. Niliikandamiza mpaka ikalia "ta!", nikabonyeza, na kioo kikawaka.

Nilipiga kelele ya furaha. Halafu nikanyamaza, kwa sababu kelele ile ilikwenda mpaka ukutani ikarudi, na hakuna aliyeniuliza kuna nini.

Gemu niliyoipenda ilikuwa ya kuendesha malori. Hakuna kupigana. Unapakia mzigo mji mmoja, unaupeleka mji mwingine, nchi za Wazungu huko, barabara ndefu, milima, mashamba ya ngano. Nilikuwa nikitoka kazini naoga, nachemsha chai, naendesha. Kuna siku niliendesha jioni nzima bila kutamka neno.

Mama mwenye nyumba alikaa nyumba ya mbele. Ni Msukuma, yeye na marehemu mume wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi iliyopita, wakaweka makazi upande wa Kasansa. Wanawe wakubwa bado wako huko na mifugo. Yeye alibaki mjini kwa ajili ya nyumba hii na kwa ajili ya magoti yake. Tulikuwa tunasalimiana tu, yeye akiniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita hata binti.

Jioni moja akagonga. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa mgando, lakini macho yake yalinipita yakaingia ndani.

"Mwadila, mayu," alinisalimia Kisukuma. "Nani kaingiza lori kwenye nyumba yangu?"

Nikacheka, nikamkaribisha. Alisimama mbele ya monita, mkono mdomoni. Lori langu lilikuwa linanguruma kwenye taa za barabarani.

"Wewe ndiye unaliendesha?"

"Ndiyo, mama. Ni mchezo tu."

"Mchezo," alisema, akavuta kiti. "Haya, twende."

Tukaenda. Nilipeleka mbao mpaka mji wenye bandari, na muda wote hakuzungumza ila kusema "kuna kona" na "punguza". Nilipoegesha akavuta pumzi kama aliyekuwa amebeba kitu. Ndipo akaniambia kuhusu kitindamimba wake. Ni dereva wa malori makubwa, alisema, yale yanayovuka mpaka kwenda Zambia mpaka Kongo. Aliondoka nyumbani muda mrefu, mwanzoni alikuwa anapiga simu kila anapofika mpakani, sasa hapigi. Kaka zake walishaacha kumuulizia.

"Hata sijui anakaa vipi humo," alisema. "Analala wapi?"

Nikamwonyesha. Nilizungusha picha ndani ya kichwa cha lori, nyuma ya kiti, kwenye kitanda chembamba chenye blanketi na pazia dogo la dirisha.

"Kumbe kuna kitanda!" Akaliangalia blanketi lile kwa muda. "Na joto lake?"

"Kuna hita, mama."

"Basi afadhali."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila ninapokuwa mjini. Alileta karanga za kukaanga, akaweka ungo mapajani akachagua maharage huku anaangalia njia. Mimi nikaanza kurudi mapema kutoka vijijini. Dereva wa bodaboda aliniuliza, "Sister, siku hizi una haraka, nani anakusubiri?" Nikamjibu, "Mama."

Siku moja aliniuliza, "Huko hakuna mvua?"

Ilikuwepo, lakini mashine yangu haikuiweza. Nilikuwa nimeizima kwa sababu ikinyesha picha inaanza kukatakata, lori linaruka kama sinema mbovu. Nilimwashia aone. Akatikisa kichwa. "Mtoto wangu hawezi kuwa anaendesha kwenye jua tu," alisema. "Mvua ndiyo inaniogopesha."

Basi ikabidi ninunue kadi ya picha, kile kipande kinachochora unachokiona kwenye kioo, kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Nilijinyima kwa miezi kadhaa. Ilipofika, nilifungua boksi nikakaa chini. Ilikuwa ndefu. Haikuingia kwenye kasha langu hata kwa dua, iligonga chuma kile cha ndani kinachobeba diski.

Mama alikuja akanikuta nimeishika kama mtu aliyenunua viatu vidogo.

"Kikate hicho chuma," alisema.

"Kasha lote litaharibika."

"Zizi likiwa dogo, ng'ombe ndiye unayemkata?"

Tukaazima msumeno wa chuma kwa fundi mageti wa jirani. Nilitoa kila kitu ndani, tukaweka kasha barazani, yeye akakaa chini na kulibana kwa magoti yale yale yanayomuuma, mimi nikakata. Sauti ile ilikusanya kuku na majirani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita aliuliza tunatengeneza nini. "Lori," mama alimjibu, na hakucheka. Vumbi la chuma lilimwingia kwenye kanga, mimi nikajikata kidole, yeye akanifunga kwa kipande cha leso akaniambia endelea. Tulipomaliza nilipiga tupa kingo zote, nikafuta, nikafunika matundu ya feni kwa soksi nyepesi ya kike kuzuia vumbi, nikapachika kadi. Iliingia kama imezaliwa humo.

Jioni ile ilinyesha, kwenye kioo. Maji yaliteleza kwenye dirisha la lori, taa za mbele zikawa na ukungu, lami ikang'aa. Wiper zilikwenda na kurudi. Nilijivuna sana. Niligeuka nimwone anavyofurahi, nikamkuta ameinamisha uso.

"Mama?"

"Hakuna watu," alisema.

"Wapi?"

"Njiani. Tangu nimeanza kukaa hapa sijaona mtu anatembea kwa miguu. Hakuna hata mwenye baiskeli. Akiharibikiwa, nani atamsaidia?"

Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Nilikuwa nimeendesha barabara zile zote nikizipenda, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliendelea kuendesha mpaka mwisho wa safari.

Kitindamimba wake alikuja Jumapili moja, baada ya mavuno ya mahindi. Nilikuwa nafua. Mwanaume mrefu alishuka kwenye bajaji, begi begani, mkono wa kushoto ameuweka mfukoni. Mama alitoka mlangoni, akasimama, halafu akapiga kigelegele kilichowatoa watu wote nje. Mimi nilibaki na nguo mkononi, povu linadondoka.

Mchana mama aliniita kwake tule. Baada ya kula akamwambia mwanawe, "Njoo uone lori la mwenzio." Akamvuta mpaka chumbani kwangu. Niliwasha mashine, nikampa kijana nafasi. Alikaa, akaangalia vitufe, akautoa ule mkono mfukoni. Vidole viwili havikuwepo na vilivyobaki havikukunjika. Aliendesha kwa mkono mmoja, taratibu, vizuri kuliko mimi, halafu akasimamisha lori pembeni mwa barabara, akawasha taa za dharura.

"Mama," alisema bila kugeuka, "mimi lori niliacha zamani. Nilipata ajali upande wa Zambia. Nipo Tunduma, nauza vipuri. Nina mke. Tuna mtoto wa kike."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia nini? Niliondoka nikisema nitarudi na gari langu."

Taa zile zililia tik, tik, tik. Halafu mama akaushika ule mkono mbovu, akaugeuza huku na huku kama anayekagua hindi shambani, akaubusu. Kisha akanitazama mimi, machozi yanamtoka, akaanza kucheka.

"Mayu, kumbe ulikuwa unanizungusha bure! Kwenye baridi yote ile!"

Tukacheka wote watatu, hata kijana, mpaka majirani wakadhani ni sinema.

Mama aliondoka naye wiki iliyofuata kwenda kumwona mjukuu. Alisema atakaa mwezi mmoja. Aliniachia funguo za nyumba ya mbele, kuku na maelezo marefu kuhusu kuku. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Alinipigia simu akasema mtoto ameanza kumwita bibi na magoti yanapenda hali ya hewa ya kule. Sauti yake ilikuwa na kelele nyingi nyuma, masufuria, mtoto, redio. "Nyie huko mnakula vizuri?" aliuliza. Nikamjibu tunakula vizuri, ingawa niliyekuwa nakula ni mimi peke yangu. Baadaye wanawe wa Kasansa walikuja kumpangisha mtu nyumba ya mbele, karani wa benki asiyetoa sauti.

Niliongeza ram. Nikabadilisha diski, gemu ikawa inafunguka kabla sijaketi. Kila nilipoboresha kitu niliwasha, nikaona tofauti, nikasema moyoni, haya. Mashine ilikuwa sasa kubwa kweli, labda hakuna nyingine kama ile mji mzima, na nilikuwa naitumia kidogo kuliko ilipokuwa mbovu. Nilirudi tena kuchelewa vijijini. Watu wa Mishamo walinipa chumba nilale, nikakubali.

Kulikuwa na upande wa gemu ambao sikuwahi kuugusa, ule wa kuendesha pamoja na watu wengine kwa intaneti. Jumamosi moja ya masika, nikiwa sina pa kwenda, nikaingia. Malori ya watu wa kweli yalinipita, majina yao yakielea juu ya paa. Niliona aibu, nikaenda taratibu upande wa pembeni. Mmoja akapunguza mwendo, akaegesha mbele yangu, nami nikasimama. Akaniandikia kwa Kiingereza kibovu kama changu: uko wapi?

Nikaandika Mpanda. Akauliza ni nchi gani. Nikamwambia Tanzania, magharibi, reli inaishia hapa. Halafu akauliza kama kuna mvua.

Nilitazama dirishani. Nikamwandikia inanyesha tangu asubuhi.

Akasema hata kwake inanyesha. Akawasha indiketa, akaingia barabarani, nami nikamfuata.