Bundi Niliyemwita Ukutani kwa Mama Riziki

Hadi leo nikipita mtaa wa Glenwood navuta kofia mpaka puani, kwa sababu yuko mama mmoja pale ambaye akiniona huwaita wenzake waje wamtazame "baba ya bundi", na ubaya ni kwamba hasemi uongo.

Ilikuwa Julai, ambayo huku kusini tulikohamia ni baridi ya kuvaa sweta mbili, na huo ndio msimu bundi wanaitana wakitafuta wenzi. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, muda ninao (na mawazo kupita muda), nikaazima kamera niwapige picha bundi wa mti mkubwa nyuma ya nyumba tulimopanga vyumba. Jioni baada ya jioni niliambulia mafua. Basi nikaamua kitu kidogo tu: niweke simu juu ya ukuta, ipige sauti ya bundi ikijirudia, bundi mwenyewe aje kuuliza nani kaingia kwake.

Nilichosahau, mimi mtoto wa Bukavu niliyelelewa na bibi aliyefukuza bundi kwa kijinga cha moto, ni kwamba upande wa pili wa ukuta alilala jirani yetu Mama Riziki, aliyekuwa apasuliwe tumbo kesho yake, na watu wa kanisa walikuja kumwombea.

Simu ikalia huu-huu. Maombi yakanyamaza. Ikalia tena. Nikamsikia Mama Riziki: "Mumesikia? Ananiita. Hospitali siendi tena, muniache nife kwangu."

Mwenye akili angeruka akazima simu. Mimi nilichuchumaa nyuma ya mapipa ya taka nikiwaza: nikitokea watasema mwizi, nisipotokea watasema mchawi (na mwizi je, si afadhali?), huku pasta ametoka anamkemea bundi kwa jina la Yesu, na bundi hasikii. Ndipo rafiki yangu wa Pinetown akanipigia, simu ikabadili mlio, na bundi akaanza kuimba kwaya.

"Eish! Bundi iko na telefone!" akapiga kelele Riziki, binti wa mama, akiichukua ukutani. "Ya nani?"

Nikatoka, kamera shingoni. Wakanipeleka hadi kitandani, nikapiga magoti. "Mama, unisamehe, ni simu tu, sikiliza." Nikabonyeza. Huu-huu. Akaanza kutabasamu. Na nje, mtini, bundi wa kweli akaitikia.



"Na ile ya inje," Mama Riziki akauliza polepole, "nayo ni telefone?"

Nikaeleza msimu, wenzi, mipaka yao, hadi pasta akaniomba ninyamaze. Mama akanitazama sana. "Ni weye ulimuita. Basi kesho tunaenda na weye. Kama kifo inakuja, ikukute weye kwanza ku mulango."

Nilienda. Nilibeba mfuko wake wa vitenge, nikakaa nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi, Riziki akimweleza kila aliyeketi karibu mimi ni nani, nami nikisimama kila mlango ulipofunguka. Alipotolewa salama, usingizi bado machoni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Huyu angali hapa?"

Picha sikupata. Bundi nawapenda bado, ila siku hizi nawafuata porini, nakaa kimya, asiyetaka kuja asije. Sitamwita tena kiumbe yeyote bila kwanza kujua ni nani mwingine anayesikia.